Subaru foowili manyuali kwenye dino ya rola za mbele tu, itapona?

mdau_chumbageni
Wakuu habari za Tanga na kwingineko. Nina Impreza WRX ya 2004, manyuali gia tano, nimeifungia ekzosi kubwa na kontrol boksi (kompyuta ya injini) imeandikwa upya, sasa nataka nijue inatoa hosipawa ngapi maana kila fundi ananitajia namba yake. Kuna jamaa Dar ana dino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari tairi zikizunguka juu ya rola, ila ni ya rola za mbele tu, anasema tuchomoe propela shafti gari ivute kwa mbele, dakika 20 kazi imeisha. Roho inasita. Naombeni mnijuze kabla sijasafiri zaidi ya kilomita 300.

fundi_ngamiani
Mdogo wangu usichomoe kitu. Difu ya kati ya hiyo gari iko ndani ya giaboksi, inagawa nguvu nusu kwa nusu, na kinachozuia upande mmoja usikimbie peke yake ni viskasi, ile yenye mafuta mazito ya silikoni. Ukitoa propela nyuma hakuna mzigo kabisa kwahiyo nguvu yote inakimbilia huko, viskasi inabaki peke yake kusukuma mbele, inachemka mpaka inakufa. Nimeshafungua giaboksi iliyofanyiwa hivyo, gari ilikuwa inajikaba kila ikikata kona kali. Na usithubutu kuipandisha na propela yake nyuma ikiwa sakafuni, itaruka kwenye rola.

Forester otomatiki za zamani zina sehemu ya fyuzi imeandikwa FWD, ukichomeka inaacha kuvuta nyuma, ndo maana watu wanadhani Subaru zote ziko hivyo. Yako haina. Tafuta dino ya foowili ambayo rola za mbele na nyuma zimeunganishwa zinaenda kasi moja, au ile unavua tairi inafungwa kwenye habu zenyewe.

mdau_chumbageni
Shikamoo kaka, asante sana, umeniokolea giaboksi. Nikiipata ya foowili nisimamie nini?

mwana_pongwe
Mkuu anza na feni, hapo ndo wengi wanaua injini. WRX intakula yake, kile kipozeo cha hewa ya turbo, iko juu ya injini inavuta hewa kwenye lile tundu la boneti, feni ikiwekwa chini mbele ya rejeta tu intakula inabaki inaoka, hewa inayoingia ina moto, injini inaanza kugonga na pistoni za EJ, ndo injini ya hiyo gari, zinapasuka kwenye kingo za ringi. Dai feni ya pili ielekee kwenye tundu. Saa ya mchanganyiko wa hewa na mafuta iwe mbele ya macho ya anayekanyaga, ikipanda kuelekea 13 (hewa 13 kwa mafuta 1) turbo imejaa au mkisikia injini inagonga aachie hapo hapo, msimalizie rani, yaani huo mkanyago wa kupima.

Gari ifungwe mikanda mbele na nyuma, toa vijiwe kwenye tairi, mtu asisimame nyuma wala usawa wa tairi, na moshi utolewe nje kwa bomba maana ule unaua hausikii harufu. Piga gia ya nne, mara tatu, upumzishe gari katikati, zikitofautiana sana hakuna namba hapo. Omba karatasi ya kabla na ya baada kwenye mashine ile ile, masahihisho ya joto na hewa yale yale. Mtu wa Arusha yuko mita 1,400 juu, wewe uko usawa wa bahari na joto la Machi, msilinganishe karatasi.

kijana_muheza
Si uikanyage tu barabarani Pongwe kuja huku Muheza usiku, upime nguvu na programu ya simu?

fundi_ngamiani
Hapana mwanangu. Boda hazina taa ile njia, na watoto wanavuka. Na simu haijui mteremko wala upepo.

mdau_chumbageni
Nimempigia jamaa wa Dar nimemwambia basi. Halafu nimeenda kuangalia tairi, ya nyuma kulia ni mpya ya kampuni nyingine, tatu zimeisha nusu.

fundi_ngamiani
Hiyo nayo inachosha viskasi kila siku. Weka nne zinazofanana, upepo sawa, ndo uongee dino.