Mada: Kumfundisha mtoto wa miaka 13 habari za ubepari na matabaka, hapa Lubumbashi, Kongo

Kutoka: Mama Kijana (Golf)

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Sisi ni Watanzania tunaoishi hapa, na kijana wetu wa miaka 13 ameanza kuuliza kwa nini mji wenye shaba na kobalti una watu wanaobeba maji kwa madumu. Naomba njia ya kumweleza ubepari na matabaka bila kumkaririsha kaulimbiu na bila kumjaza chuki. Shuleni anasoma Kifaransa, nyumbani tunataka haya yazungumzwe kwa Kiswahili. Tuanzie wapi?

Jibu: Mwalimu (Kampemba)

Marahaba, Mama Kijana.

Usianze na Karl Marx, yule mchambuzi wa ubepari, wala na mgodi. Mgodi ni mkubwa mno: mtoto ataona matingatinga, watu hatawaona. Anza na maandazi, kwa karatasi na kalamu, mara moja kwa wiki, dakika 25 zikizidi sana. Hesabu hii ni ya kubuni, naye aambiwe hivyo.

Kuna kibanda chenye binti mmoja aliyeajiriwa kukaanga na kuuza, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nane mchana, yaani saa tisa. Unga, sukari, hamira, mafuta na makaa: franka 30,000 kwa siku. Kuchakaa kwa karai na jiko: 3,000. Mauzo: 60,000. Ujira wa binti: 9,000.

Mwache mtoto atoe mwenyewe. Vitu na vifaa vimemeza 33,000, kwa hiyo kazi ya binti imeongeza 27,000, sawa na 3,000 kila saa. Ikifika saa mbili asubuhi ujira wake ameshaurudisha wote. Saa sita zilizobaki anamkaangia mwenye karai: 18,000. Hiyo ndiyo thamani ya ziada, lakini usiitaje kwa jina mpaka aione namba.

Wazazi wengi wanakosea hapa. Wanauweka ujira kapu moja na unga, wanauita wote "gharama", halafu 18,000 inatokea mwishoni kama muujiza wa akili ya biashara. Jibu la hesabu ni lile lile ila swali limezikwa. Unga hauongezi chochote, unahamisha bei yake tu kwenye andazi. Basi ujira uwe na mstari wake peke yake.

Wiki ya pili badilisha jambo moja kila mara. Bei ya unga imepanda: nani anabanwa kwanza? Jirani kafungua kibanda anauza rahisi: mwenye karai atapunguza nini, mafuta au ujira? Kisha mpe mwenye karai roho nzuri. Analipa 20,000 wakati jirani analipa 9,000. Baada ya miezi, nani atakuwa na karai la pili, na nani atakuwa ameshushiwa bei mpaka afunge? Hatua hii msiiruke hata kidogo. Ndipo mtoto anapoona kwamba ubepari si tabia mbaya ya mtu fulani. Ushindani unamsukuma hata mcha Mungu. Ukiiruka utabaki na mtoto anayesema "matajiri wote wezi", na akishasema hivyo hana tena cha kufikiri.

Mwisho mwonyeshe mama anayekaanga mwenyewe barabarani. Huyo anauza ili anunue chakula. Mwenye vibanda vitano ananunua ili auze apate zaidi, kisha aanze upya na zaidi hiyo. Wote huitwa wafanyabiashara, lakini si tabaka moja.

Jibu: Dada wa Hesabu (Bel-Air)

Shikamoo Mwalimu. Naongeza kuhusu matabaka, maana watoto hudhani tabaka ni kipimo cha pesa: nani ana gari, nani ana kiyoyozi. Mpe maswali manne ayaandike nyuma ya daftari:

Kifaa ni cha nani? Saa za kazi anapanga nani? Kinachobaki anachukua nani? Hasara ikija inamwangukia nani?

Halafu mpitishe mtu mmoja mmoja. Mchimbaji wa mikono ni mtihani mzuri kuliko wote. Sururu ni yake, gunia ni lake, hakuna wa kumpigia kengele. Mtoto atamwita mtu huru. Sasa mwulize tena: ardhi ina kibali cha nani? Kwenye dipo, yaani ghala la kununulia madini, kiwango cha madini kinasomwa na Metorex, na mashine hiyo iko mkononi mwa mnunuzi. Bei hapangi mchimbaji. Shimo likiporomoka, aliye ndani ni yeye. Ana kifaa, ila swali la tatu na la nne yanamwangusha.

Wa pili ni wafanyakazi wawili wenye kofia zinazofanana kwenye mgodi mmoja, mmoja ameajiriwa na kampuni yenyewe, mwingine na kampuni ya mkataba mdogo, yaani inayopewa sehemu ya kazi na ile kubwa. Sheria ya 2017 inataka kampuni hizo za mkataba ziwe na mtaji wa Wakongo kwa sehemu kubwa. Hapo mwenye kampuni amebadilika uraia na maswali manne yako palepale. Mfano huu unazima mapema ile tabia ya kusema "ni Wachina" au "ni Wazungu", ambayo, tuseme ukweli, watoto wetu wanaisikia mezani kwetu sisi wageni kabla ya kuisikia shuleni.

Jibu: Mzee wa Malori

Marahaba wanangu. Hesabu ya Mwalimu ni nzuri ila imemwonea mwenye karai. Riba iko wapi? Kodi ya kibanda? Ushuru wa soko? Na siku mvua inaponyesha, maandazi yakalala? Mtoto akifundishwa hivyo ataona kila mwenye mtaji amekaa kivulini anahesabu noti. Mtaji unaungua, jamani.

Jibu: Mwalimu (Kampemba)

Mzee, shikamoo. Hoja hiyo iingie darasani kama ilivyo, wiki ya tatu. Chukua ile 18,000 uigawe: mwenye kibanda 4,000, mkopeshaji 3,000, ushuru 1,000, mwenye karai anabaki na 10,000. Mtoto ataona kuwa chungu cha ziada ni kimoja na wanaochota ni wengi, na kwamba wanagombana wao kwa wao. Mwenye karai akimlalamikia mkopeshaji, ana haki ya kulalamika. Lakini riba haikukaanga andazi hata moja.

Kuhusu hatari, ni kweli anaweza kupoteza karai. Mwulize mtoto: akishapoteza kila kitu, kesho asubuhi anaamkia wapi? Mlangoni kwa mtu mwingine mwenye karai, anaomba kazi. Hatari anayoiogopa ndiyo maisha ya kila siku ya yule binti.

Baada ya hapo ndipo historia, na mji huu ni darasa tosha. Jumapili asubuhi, kwa gari, kutoka katikati ya mji hadi Kamalondo, mtaa wa zamani wa Waafrika, kisha mahali popote linapoonekana lile dohani na mlima mweusi wa mabaki ya kiwanda. Msisimame kwenye malango ya viwanda, msipige picha, simu zikae mfukoni. Mgeni mwenye kamera karibu na mali ya madini anajitafutia maelezo marefu.

Mambo ya kumweleza yawe machache. Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya shaba, iliundwa 1906, mji ukaanzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, Wazungu upande mmoja, Waafrika ng'ambo ya ukanda ulioachwa mtupu makusudi. Mwanzoni wafanyakazi walikuwa adimu, waliletwa kutoka mbali, walikufa na kutoroka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili mwendo: waje na wake zao, wapewe nyumba, posho ya chakula, hospitali, shule ya watoto. Swali kwake: huruma, au kumtafuta mtu mpya kulikuwa ghali kuliko kumlisha wa zamani? Mwache abishane. Kisha Desemba 1941: wafanyakazi hao hao waliolishwa wakagoma kudai nyongeza, askari wakawafyatulia risasi uwanjani, na Léonard Mpoyi, aliyewasemea, akauawa pamoja na wengine wengi.

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ikaitaifisha kampuni, ambayo baadaye ikawa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Wiki tano baadaye, 5 Februari, kwetu likatoka Azimio la Arusha. Weka yote mawili kwenye safu mbili. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba ya kupangisha, na masharti hayo yakalegezwa Zanzibar 1991. Huku, Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba mwaka 1986, ikaporomoka miaka ya 1990, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondolewa kwa malipo ya mkupuo, mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Mtoto arudie maswali manne: karai lilipokuwa la serikali, saa alipanga nani, na kilichobaki alichukua nani? Hapo nimejibu pia wale wanaohofia tunalea kasuku wa chama.

Jibu: Mama Kijana (Golf)

Ahsanteni sana. Nina wasiwasi na jambo moja: dada wa kazi yuko jikoni anasikia, na kijana atauliza tunamlipa kiasi gani.

Jibu: Dada wa Hesabu (Bel-Air)

Atauliza, tena siku ya kwanza. Basi wewe na baba yake fungueni hesabu hiyo kabla ya somo. Amri ya 2018 iliweka kima cha chini franka 7,075 kwa siku, na kimepandishwa baadaye, basi linganisheni na kinachotumika sasa. Hesabuni saa zake kamili: anayelala nyumbani anaanza kabla ya chai na kumaliza baada ya vyombo vya usiku, na hakuna anayeandika. Kama kuna nyongeza ya kutoa, itoeni kabla, isije ikaonekana ni zawadi ya mtoto.

Kijana asimhoji dada mwenyewe. Ni kumtia mtu aibu kwenye riziki yake, na hawezi kujibu kweli mbele ya anayemlipa. Pia msilazimishe hesabu ya maandazi hapa: kazi yake haiuzwi, inalipwa kutoka kwenye pato lenu. Swali linalofaa ni lingine: saa anazowaachia ninyi mnazipeleka wapi, na zinaleta kiasi gani?

Na mwambieni kijana mapema kwamba mambo haya si ya kuyatangaza shuleni wala kwa askari wa barabarani. Sisi ni wageni.

Jibu: Mzee wa Malori

Nimekubali wiki ya tatu. Ongezeni na lori basi, watoto wa hapa wanaliona kila siku. Lori limekwama foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, siku tano. Mwenye lori anapoteza, benki haisubiri, mwenye mzigo anapiga simu. Hasara ya nani?

Jibu: Mwalimu (Kampemba)

Inategemea dereva analipwaje, Mzee, na ndilo swali la nne. Akilipwa kwa mwezi, siku tano hizo ni za mwenye lori. Akilipwa kwa safari, mapato yake ya mwezi yanapungua kwa safari moja kwa sababu ya foleni asiyoisababisha, na posho ya njiani inaisha siku ya tatu. Mpe kijana mikataba yote miwili, mwezi wa safari tatu na mwezi wa safari mbili, apige hesabu ya dereva na ya mwenye lori kwenye kila mmoja. Halafu amwulize mwenye lori kwa nini wenye malori wengi wanapenda mkataba wa kulipa kwa safari.