Uliyemaliza deni la ujanani, siku ya mwisho ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Kiatu Kimoja
Wakuu, salama? Leo saa tano asubuhi nimetoka kwenye ofisi moja ya ghorofani Kariakoo na bahasha ya kaki mkononi. Ndani kuna leseni ya makazi ya nyumba ya bimkubwa, Manzese. Niliichukua kabatini mwaka 2017, nikiwa na miaka 24, nikamwambia naenda kuitoa kopi. Kopi yenyewe imechukua miaka minane.

Nilikopa milioni mbili. Mpango ulikuwa makava na vioo vya simu, Mtaa wa Aggrey. Laki nane ziliingia kwenye mzigo kweli. Zilizobaki sitaki kuzisemea mbele za watu, waliokuwa Sinza miaka ile wananielewa. Riba asilimia 20 kwa mwezi, maana yake laki nne kila mwezi wa Mungu, na kama hukupunguza lile deni lenyewe linabaki limekaa palepale linakutazama. Nililipa riba tupu miezi 14. Pigeni hesabu wenyewe: milioni tano na laki sita zimekwenda, na bado nadaiwa milioni mbili zilezile.

Nikakimbia. Nilikwenda Tunduru kwenye korosho, nikabadili laini, nyumbani nikawa nasalimia kwa simu za watu. Niliporudi 2021 nikamkuta bimkubwa anajua kila kitu. Walishakuja kuipima nyumba kwa futi huku yeye anachambua mchicha mlangoni. Hakunifokea. Alisema tu, "Umekula?" Tukaenda kwa mjumbe, tukakaa na yule jamaa aliyenikopesha mpaka usiku, tukakubaliana milioni sita, laki na ishirini na tano kila tarehe tano. Miezi 48. Leo ndiyo ilikuwa ya 48.

Nilidhani nitarukaruka. Nimenunua dafu, nimekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, dafu lenyewe limenishinda. Nyie wenzangu ilikuwaje?

Jirani Mwema
Nafuatilia.

Sheria Ndogo
Pole na hongera. Ila mkuu, asilimia 20 kwa mwezi uliikubali vipi? Wakopeshaji wenye leseni ya Benki Kuu wana kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa milioni mbili ingekuwa elfu sabini, si laki nne. Halafu leseni ya makazi siyo hati, ina muda wake na huwa inahuishwa. Iangalie tarehe kabla hujairudisha kabatini.

Kiatu Kimoja
Sheria Ndogo, mwaka 2017 ungekuja kunisomea hayo hapo Aggrey ningekushukuru. Tarehe nimeiangalia. Imekwisha zamani. Nimecheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akaniuliza kama niko sawa.

Bint Mbagala
Mada imenigusa pabaya. Wengi mtasimulia mlivyonyang'anywa vitu, mimi nilikuwa miongoni mwa wanyang'anyaji.

Kikundi chetu tulikuwa wanawake 10, tunadhaminiana, marejesho kila Alhamisi. Mmoja akikosa, mnafungiwa pale mpaka ipatikane, hakuna anayetoka hata kama mtoto ananyonya. Mwenzetu mmoja alikosa Alhamisi tatu. Ya nne tukaenda kwake sita tukabeba cherehani. Mimi ndiye niliyeng'oa ule uzi uliokuwa bado umo kwenye sindano, na chini yake kulikuwa na sketi ya shule ya mtu imeshonwa nusu. Nikawa najiambia sheria ni sheria. Miezi mitano baadaye zamu ikawa yangu. Walibeba jiko la gesi, maharage yameshushwa chini yakiwa bado mabichi.

Yangu nilimaliza mwaka juzi, ya kikundi. Ya cherehani sijui niilipe kwa nani, yule dada alihama Mbagala na hajaonekana tena.

Jirani Mwema
Dah.

Mwalimu wa Chanika
Mimi langu lilikuwa la Bodi ya Mikopo, la kusomea chuo. Nilianza kukatwa asilimia 15 ya mshahara nikiwa mgeni kazini, na ile tozo ya kutunza thamani asilimia 6 nayo inaongezeka pembeni. Ilipofutwa mwaka 2021 ndipo nikaona deni linashuka kweli. Mwezi lilipoisha niliona mshahara umeongezeka nikadhani mhasibu kakosea. Nilikaa kimya siku nne, naogopa kuigusa. Siku ya tano nikanunua mbuzi. Mke wangu mpaka leo anajua nilipandishwa daraja.

Kipanga wa Tandale
Mwalimu, hilo nalo ni deni? Unakatwa hukohuko, hakuna anayekugongea mlango usiku. Wengine hatukusomeshwa na mtu, tumekopeshwa na muuza mkaa.

Mwalimu wa Chanika
Deni lina tabaka siku hizi? Miaka tisa unakatwa, uko na watoto watatu na nyumba ya kupanga, halafu mtu anakwambia si deni.

Kipanga wa Tandale
Ulikula boom, posho ya mkopo wa chuo, pale hosteli ya Mabibo ukanunua redio ya kuwatambia wenzako. Lipa kimya kimya.

Mwalimu wa Chanika
Redio ilikuwa ya kaka yangu. Na kama ni ya Mabibo hulijui hata lango lake, nyamaza.

Binamu wa Ilala
Acheni hizo. Mimi boom ilikuwa inaishia kwa mama ntilie wa nje ya hosteli, na siku ya kusaini ikija natokea mlango mwingine. Nilimaliza chuo nikamwachia elfu 83. Nimemrudishia baada ya miaka tisa. Alitoa daftari, limechakaa kama msahafu wa babu, jina langu lipo. Akachukua themanini, ile elfu tatu akanipakulia wali.

Marehemu Mtarajiwa
Sasa nisikilizeni mimi niliyekufa kwa sababu ya laki nne na themanini.

2023, napanga chumba Gongo la Mboto. Nilianza na mkopo wa kwenye simu, elfu hamsini. Inaingia thelathini na tano, wameshakata chao juu kwa juu, na ndani ya siku saba wanataka hamsini kamili. Siku ya saba sina, nikapakua programu nyingine nikalipe ya kwanza. Mpaka mwezi wa tatu nilikuwa nazo sita, zinalishana kama kuku wa banda moja.

Kosa nililofanya ni kubonyeza "kubali" wanapoomba kuona majina ya kwenye simu. Wakaanza kutuma ujumbe kwa kila mtu: fulani tapeli, amekuandika wewe mdhamini. Ulifika kwa bosi, kwa mchumba, kwa fundi sofa niliyempigia mara moja tu maishani. Mchumba akaniuliza tapeli maana yake nini. Anajua maana yake.

Siku hiyo wanapiga, namwambia jamaa ninayeishi naye: pokea, waambie nimekufa. Akapokea, akaweka sauti ya msiba kabisa: "Mwenye simu hatunaye tangu jana, pikipiki, Pugu." Upande wa pili kimya, halafu "poleni sana", simu ikakatwa. Tukagongeana. Nikazima simu, nikaenda kazini zamu ya mchana, roho nyeupe.

Kumbe yule binti wa mkopo aliyepiga akaamua kuhakiki. Akapiga namba niliyoiandika "Mama Mdogo Korogwe".

Narudi saa moja usiku nakuta turubai. Viti vya plastiki, jiko la kuni, wanaume wamekaa upande huu wanazungumza habari za Simba na Yanga kwa sauti ya chini kama msiba unavyotaka. Namuuliza mtoto wa mwenye nyumba, "Nani kafa?" Mtoto kanitazama, katupa ndoo, kakimbia. Shangazi wa Kinyerezi akazimia. Mama alishafika na kosta kutoka Korogwe pamoja na watu kumi na wanne. Alinikumbatia, akanizaba kofi, akanikumbatia tena. Watu wawili walikuwa mochwari muda huo wananitafuta kwenye majokofu.

Kipanga wa Tandale
Chai hii. Tena ya maziwa.

Binamu wa Ilala
Chai au si chai, mimi nataka kujua wale wa mochwari walirudi saa ngapi.

Sheria Ndogo
Kwenye ujumbe wa kudhalilisha simwoni mwongo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, na malalamiko yalikuwa hayohayo.

Marehemu Mtarajiwa
Orodha hiyo niliisoma moja moja. Zangu nne zilikuwemo. Kipanga, njoo Gongo la Mboto uulize marehemu anaishi wapi, utaletwa mpaka mlangoni.

Kiatu Kimoja
Jamani na mimi nilikuwa na mada hapa.

Fursa Kwanza
Habari ndugu. Je, una deni linakusumbua? Pata mkopo ndani ya dakika 10, huhitaji dhamana wala mdhamini. Nifuate inboksi.

Bint Mbagala
Mtu huyu ana roho ya chuma.

Kipanga wa Tandale
Mpeni namba ya Mama Mdogo Korogwe.

Mama Wawili
Naulizia walio katikati bado. Nina madeni manne: mchezo wa kijumbe, duka la jirani, Songesha ya kwenye simu na shemeji. Nianze na lipi?

Binamu wa Ilala
Anza na dogo kuliko yote, upumue.

Sheria Ndogo
Hapana, anza na linalozaa riba kubwa. Duka la jirani halizai.

Bint Mbagala
Linazaa maneno. Lipa duka kwanza, dada, utapita na njia yako bila kuzunguka. Na kijumbe usichezee, pale unakula zamu ya mwenzako.

Mwalimu wa Chanika
Kama una wenzako wa kuaminiana, ulizieni mikopo ya halmashauri ya vikundi vya wanawake. Haina riba. Ila iwe ya biashara, si ya kuzibia matundu.

Kipanga wa Tandale
Shemeji msamehe mwenyewe. Mwambie umemsamehe.

Mama Wawili
Shemeji ndiye anayenidai mimi.

Kipanga wa Tandale
Ndiyo hivyo hivyo.

Binamu wa Ilala
Marehemu, hujamaliza. Laki nne na themanini ililipwa na nani?

Marehemu Mtarajiwa
Hapo ndipo ninapoona aibu. Rambirambi zilishachangwa laki nne na kumi na mbili. Mjomba akasimama akasema hela ya msiba hairudi mfukoni, walipwe hao watu wasije wakatuulia mtoto kweli. Ikalipwa usiku uleule, nikajazia elfu sitini na nane. Asubuhi mama akanikabidhi karatasi ya waliochanga, majina thelathini na moja, akasema haya, hili ndilo deni lako sasa.

Nimelilipa miaka miwili, wengine elfu tano, wengine kumi. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja wa Muheza, elfu ishirini. Nimemtumia mwezi uliopita, akairudisha. Nikatuma tena, akairudisha tena na ujumbe: "Kaa nayo. Nitakuwa nimeshatoa."

Kiatu Kimoja
Hiyo imenimaliza. Niko Manzese tayari. Bimkubwa kaishika bahasha, kaigeuza, hajaifungua. Kaniuliza kopi iko wapi.

Jirani Mwema
Mimi namaliza mwezi wa tisa. Niombeeni.