Goldust: mahojiano yalimpa utu au yalimsafisha tu?

Wakuu, wapenzi wengi wa mieleka wanashikilia kwamba mwanamieleka mwenye mbwembwe akishakalishwa kitini na kuulizwa habari za nyumbani kwake, utamu umekwisha. Wananitajia The Undertaker, aliyelinda siri ya maisha yake halisi kwa miaka mingi na kuheshimiwa kwa hilo. Sikubaliani nao. Ila kuna aina moja ya mahojiano inayoniuma, na mfano wake ni Goldust.

Dustin Runnels aliingia WWF (kampuni ya Marekani ya mieleka ya maonyesho, leo WWE) kwa jina hilo Oktoba 1995: vazi la dhahabu mwili mzima, wigi, uso wa dhahabu na nyeusi, na mikono inayompapasa mpinzani mpaka anapoteza mwelekeo. Januari 1996 akamvua Razor Ramon mkanda wa ubingwa wa Intercontinental. Alizomewa kila alipokwenda, tena kwa matusi yale wanayotupiwa mashoga. Kampuni ilijua hasa inauza nini.

Kisha wakaamua apendwe. Mwishoni mwa 1996 mtangazaji Jerry Lawler akamuuliza hadharani kama ni shoga, akakana, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Mwaka 1997 mtangazaji mwenzake, Jim Ross, akakaa na Goldust kwa mahojiano, tukamjua mume wa Terri (yule Marlena wa sigara kubwa aliyemsindikiza ulingoni), baba wa binti mdogo, na mtoto wa mwanamieleka maarufu Dusty Rhodes, mwenye donda lisilopona kati yake na baba yake. Hapo kwa baba paliniingia sana. Dusty alikuwa kipenzi cha watu wa kawaida, mwana wa fundi bomba aliyejisifia ufukara wake. Kijana aliyekulia chini ya kivuli hicho akaja kuvaa sura isiyo na hata chembe ya baba yake! Nilipolijua hilo, ile rangi ya dhahabu sikuiona tena kama kichekesho.

Lakini tazameni mpangilio. Alikana kwanza, huruma ikafuata. Watu waliambiwa: msiogope, ana mke na mtoto, ni mwenzenu. Kwa hiyo angekuwa shoga kweli, yale matusi yangekuwa halali?

Mwaka huohuo Ross alimhoji Mick Foley, yaani Mankind, yule kichaa wa ulingoni mwenye barakoa. Foley alisimulia ujana wake, ikaonyeshwa video aliyojirekodi akiruka kutoka juu ya paa, na ndoto yake ya kuwa mwanamieleka mtanashati aitwaye Dude Love. Hakuna aliyemtaka aikane barakoa. Mwisho akapandwa na hasira na kumvamia Ross palepale, na bado watu wakampenda. Tulimwelewa pamoja na kichaa chake chote.

Najua mtasema ile ilikuwa biashara ya enzi zake. Ni kweli, lakini biashara ileile, mwaka uleule, mhojaji yuleyule, ilijua kumfungua mtu bila kumtoa kwanza hatiani.

Mei 2019, Las Vegas, Dustin mwenye miaka 50 alipambana na mdogo wake Cody, damu ikimfunika uso. Alishindwa, kisha Cody akamwomba wawe timu moja, wakakumbatiana wakilia. Alikuwa amepakwa rangi usoni siku hiyo pia, na hakuna aliyemdai maelezo yoyote.

Mnaotetea siri, nijibuni hapo: nini kilipotea siku ile kwa sisi kumjua?