Injini yangu ya chesi: niweke thredi nyingi au bado?

KeteNyeusi (Ngamiani, Tanga):
Wakuu habari za jioni, naandika injini ya chesi (programu inayocheza chesi) mwaka wa pili sasa, inasachi muvu bora kwa alfa-beta (njia ya kuruka muvu zisizo na faida) kwa thredi moja tu, yaani mkondo mmoja wa kazi, na laptop yangu ina kori 4 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja peke yake), jana nimekaa barazani naangalia kori moja imejaa asilimia 100 zingine tatu zimelala, roho inaniuma kweli. Niingie kwenye sachi sambamba au nisubiri?

MwanaRaskazone:
Subiri kwanza mdogo wangu. Alfa-beta inakata matawi (njia za muvu zinazofuata) kwa alama ilizopata kwenye tawi la kwanza, sasa ukizigawia kori matawi kwa pamoja zingine zinachambua vitu ambavyo vingeshakatwa, ndo maana kori 4 hazikupi spidi mara 4. Na bagi (makosa ya programu) za thredi ni balaa, leo ipo kesho huioni. Kupunguza kina kwa muvu za mwisho, yaani zile za mwisho kwenye orodha uzichambue hatua chache tu mbele, ushaweka?

FundiChumbageni:
Mi nasema aweke, ila kwa Lazy SMP, kila thredi inasachi pozisheni ile ile kuanzia juu, zinachangia jedwali la hashi tu (kumbukumbu ya pozisheni zilizokwisha chambuliwa). Stockfish wenyewe, injini maarufu ya chesi, toleo la 7, mwaka 2016, walitoka na hiyo. Ila historia ya muvu (rekodi ya muvu zilizofanya vizuri kwenye sachi) kila thredi iwe na yake, na muvu ikitoka kwenye hashi ihakiki kabla hujaicheza, maana thredi mbili zikiandika sehemu moja kwa pamoja unaweza kukuta farasi anaruka kutoka kisanduku kitupu.

KeteNyeusi:
Asanteni kaka zangu. Kupunguza kina sijaweka, naanza na hilo usiku huu huu.