Ushauri: Mchaichai kwa mama asiyepata usingizi, na anatumia dawa za presha

Binti wa Mikindani:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mama yangu yuko Mikindani, umri umeshapita sitini. Tangu baba atangulie mbele ya haki, usingizi umemkimbia. Analala vizuri baada ya isha, ikifika saa saba usiku yuko macho mpaka adhana ya alfajiri. Mchana kachoka, moyo unamwenda mbio, mlango ukigongwa anashtuka. Ana presha na anameza dawa za kliniki kila siku.

Shangazi kamletea mchaichai kutoka Naliendele, anasema unatuliza moyo. Jirani naye kaleta unga wa mizizi kwenye kifuko kisicho na jina, eti kijiko kimoja kwenye uji kinatosha. Mimi niko Dar, nimemwambia mdogo wangu auweke mbali huo unga kwanza.

Je, mchaichai unasaidia kweli? Na haugongani na dawa za presha? Halafu mama bado yuko eda, nikitaja hospitali ndugu wananung'unika.

Mzee wa Nachingwea:
Marhaba mwanangu, pole sana kwa msiba. Mchaichai tumekua nao, kila uani upo. Ila watu wanauharibu jikoni. Wanauchemsha mpaka nyumba nzima inanukia, na harufu ile ndiyo mafuta yenyewe yanapaa. Chukua majani mabichi matatu au manne, yaoshe, yakate, yapondeponde kidogo yatoe harufu ya limau. Mimina maji yaliyochemka, funika na kisahani dakika kumi, ndipo anywe.

Na asitie majani ya chai! Hapa kwetu mtu anaweka mchaichai ndani ya chai ya rangi, anakunywa saa mbili usiku, kisha anashangaa mbona halali. Majani ya chai yana kafeini, mchaichai hauna.

Mfamasia, Masasi:
Mzee kasema vizuri kuhusu kuandaa. Harufu hiyo ya limau inatokana na sitrali, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya mchaichai. Kuhusu kutuliza, dada, nikwambie ukweli. Brazili nao wana desturi ya kunywa chai ya mchaichai kutuliza wasiwasi. Mwaka 1986 watafiti wa huko walichapisha matokeo baada ya kuwapa watu chai hiyo na kuwalinganisha na waliokunywa chai isiyo na dawa. Kwa usingizi na kwa wasiwasi hawakuona tofauti. Panya waliopewa mafuta yake kwenye majaribio mengine walitulia, lakini kipimo kile si cha kikombe cha chai.

Simaanishi umnyime mama. Kikombe cha moto jioni, mtu wa kukaa naye, hivyo vina raha yake, na kwa kiasi cha kawaida cha chai sioni shida. Ila mafuta yake ya chupa asinywe. Na akisikia kizunguzungu anaposimama, apimwe presha.

Sasa swali langu ni hili: anameza dawa gani za presha, na saa ngapi?

Binti wa Mikindani:
Nimewapigia, mdogo wangu kanisomea maboksi. Moja ni amlodipini, nyingine imeandikwa haidroklorothiazidi. Zote anameza usiku baada ya isha, ili asisahau. Na nimemuuliza mama mwenyewe: kinachomwamsha saa saba ni haja ndogo, anakwenda hata mara tatu, kisha mawazo yanaanza hapo.

Mfamasia, Masasi:
Basi anzia hapo. Hiyo ya pili ni dawa ya kukojoza, kwa kawaida humezwa asubuhi. Asiache dozi hata moja, ila wasiliana na kliniki yake leo wakuelekeze namna ya kuihamishia asubuhi. Na moyo kwenda mbio usiachiwe chai, apimwe. Hospitali ya Ligula si mbali na Mikindani.

Mama wa Ruangwa:
Mimi nasemea huo unga. Mdogo wako asimpe kabisa! Mzizi ukishasagwa, nani atajua ni mti gani? Kuna mnanaha unaota hata kwenye majalala, maua yake marefu kama tarumbeta, tunda lina miiba. Ukimezwa mtu anaweza kusinzia, lakini pia mdomo unakauka, moyo unakimbia, anaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Mama mwenye presha na moyo unaoenda mbio hapo ni hatari tupu. Tiba asili naiheshimu, bibi yangu alikuwa mganga. Ndiyo maana nasema: tangu sheria ya mwaka 2002 tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga. Mganga wa kweli atakutajia mti wake.

Kijana wa Kilwa:
Vipi vidonge vya valeriani vya usingizi? Dar naviona madukani.

Mfamasia, Masasi:
Valeriani ni mzizi wa Ulaya, matokeo ya utafiti wake yanapingana. Usichanganywe na diazepamu, dawa ya kutuliza, wala pombe, usingizi unazidi kipimo. Kwa mama huyu sioni haja.

Ustadhi wa Lindi:
Dada, ndugu wasikutie hofu. Mwenye eda kutoka kwa ajili ya matibabu inaruhusiwa, hiyo ni dharura yake. Atoke mchana, arudi kwake. Na usiku asilale peke yake chumbani. Aliyezoea mwenzake miaka yote anahitaji sauti ya mtu karibu anapozinduka.

Binti wa Mikindani:
Mungu awalipe wote. Kliniki wamesema wamwone Jumatatu kabla ya kubadilisha saa za dawa, shangazi atampeleka, na ameahidi kulala naye mpaka eda iishe.

Mfamasia, Masasi:
Vizuri. Wabebe dawa zote na maboksi yake, na mchaichai pia wautaje, daktari hata asipouliza.