Naomba ushauri: vyakula vya kushibisha kwa anayepunguza uzito

Habari zenu wapendwa. Nimeanza kupunguza uzito, lakini njaa inanitesa kweli. Asubuhi nakula vipande viwili vya mkate mweupe na chai ya sukari. Saa tano haijafika tumbo linanguruma, naishia kula chochote kilicho karibu. Najua protini na nyuzinyuzi hushibisha kwa muda mrefu, na kwamba gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, ya protini 4 tu. Jana nilijaribu mayai mawili ya kuchemsha na maharage, nikafika mchana nimetulia kabisa! Ila mayai kila siku yatanikinai. Nyie mliofanikiwa, mnabadilishaje? Na usiku njaa ikibana, wakati mmeshakula, mnafanyaje? Nisaidieni jamani.