Bumba limetoka na limekamatwa: nilirudishe mzinga mama au nisubiri?

Mwanzo_wa_Sega

Wakuu, naombeni mwongozo, mimi bado mgeni kwenye nyuki. Mzinga wa Langstroth (sanduku la kisasa lenye fremu za kutoa na kurudisha) wa fremu kumi umetoa bumba, yaani kundi la nyuki lililohama na malkia wake, Jumamosi iliyopita. Bumba lilikamatwa likiwa bado kwenye tawi, likawekwa kwenye sanduku jipya mita tatu kutoka mzinga mama. Limetulia na linajenga masega kwenye fremu mbili. Leo Jumatano nimeufungua mzinga mama: majana (watoto wa nyuki) yaliyofunikwa ni mengi, yaliyo wazi ni machache, yai hata moja sijaona. Vijumba vya malkia, vile vya kulelea malkia wapya, ni saba, vingi viko kwenye ukingo wa chini wa fremu. Vitano vimefunikwa, viwili bado viko wazi.

Ninachotaka ni kundi moja lenye nguvu msimu wa maua ukifika, sina haja ya makundi mawili dhaifu. Je, nikiwamwaga tu nyuki wa bumba ndani ya mzinga mama jioni hii itakuwa tatizo? Na kama si leo, ni lini, na abaki malkia yupi?

---

Patasi

Usiwarudishe leo. Vijumba vilivyowatoa bado vimo ndani, kwa hiyo watatoka tena siku ya kwanza yenye jua. Zaidi ya hapo, wale waliobaki kwa sasa hawana malkia, nao wanaweza kumsonga (kumzunguka na kumbana mpaka afe) huyo wa bumba hata kama ni mama yao.

Anza na kalenda. Malkia anakaa siku 3 akiwa yai, kijumba chake hufunikwa siku ya 8, naye hutoka siku ya 16. Bumba la kwanza kwa kawaida huondoka pale kijumba cha kwanza kinapofunikwa, likichelewa ni kwa sababu ya mvua au baridi. Kwa hiyo kama lilitoka Jumamosi, malkia bikira wa kwanza utamtarajia Jumamosi hii au Jumapili. (Nyuki wa asili ya Afrika hutangulia kwa kama siku moja, basi hesabu na Ijumaa.) Ukiviacha vijumba vyote saba, huyo wa kwanza ataondoka na bumba la pili, anayefuata na la tatu, na mzinga mama utabaki na nyuki wa kufunika fremu mbili tatu tu.

Kazi ya leo au kesho asubuhi ni hii. Chagua kimoja kati ya vile viwili vilivyo wazi, kile ambacho ukichungulia unaona jana nene limelala kwenye chakula cheupe. Kilichofunikwa kinaweza kuwa na jana lililokufa na usijue, ndiyo maana kilicho wazi ni bora. Weka alama ya penseli juu ya fremu hiyo. Usiikung'ute wala kuigeuza juu chini, jana litang'oka kwenye chakula chake. Nyuki wake waondoe kwa brashi laini au unyoya.

Fremu nyingine zote kung'uta nyuki ndani ya sanduku, moja moja, mpaka uone sega tupu. Hapo ndipo wageni wengi hukosea: wanatazama sega likiwa limejaa nyuki, na kijumba kimejificha kwenye kona ya chini au penye tundu la sega. Ponda kila unachokiona.

Halafu rudi Jumapili. Leo bado kuna majana machanga, na ukishavunja vijumba nyuki wataanza vingine juu ya majana hayo. Kufikia Jumapili hakuna jana changa tena la kuanzishia kijumba, na kile ulichokiwekea alama hakijafunguka bado, maana kitafunikwa kati ya leo na kesho na kufunguka siku 8 baadaye. Ponda vipya vyote, bakiza chako. Usiache viwili eti kimoja kiwe cha akiba. Kundi likiwa na nyuki wengi, wa kwanza ataondoka na bumba na kukuachia hiyo akiba.

---

Nta_Nyeupe

Naongezea njia nyingine, maana aliyeuliza anataka kundi moja, na njia ya Patasi inamfikisha huko baada ya mwezi mzima.

Ponda vijumba VYOTE leo, bila kuacha hata kimoja. Jumapili rudia, ponda vyote vilivyoanzishwa. Baada ya hapo mzinga mama hauna malkia wala uwezo wa kumlea mwingine, na kundi la namna hiyo humpokea malkia kwa urahisi sana. Bumba nalo litakuwa limekaa wiki nzima, malkia ametaga, majana yapo, hamu ya kuhama imeisha. Unganisha jioni ya Jumapili hiyohiyo au Jumatatu kwa gazeti.

Utaratibu wa gazeti: kundi lenye malkia linakaa chini, lisilo na malkia linakuja juu. Fungua la chini, kwangua nta yote iliyozidi juu ya fremu, maana ncha ya nta ndiyo inayotoboa karatasi kabla ya wakati na kuleta vita. Tandaza karatasi moja tu ya gazeti la kawaida, isiwe ya jarida lenye kung'aa, ifunike mpaka kingo zote nne za sanduku. Toboa vitundu vitatu au vinne kwa sindano au msumari mwembamba. Kukiwa na upepo weka wavu wa kuzuia malkia (vibarua hupita, malkia hapiti) juu ya karatasi, utaishikilia na pia utamzuia malkia asipande. Kisha shusha sanduku la juu wima. Ukiliburuza, karatasi inachanika.

Sanduku la juu lisiwe na mlango wala ufa. Fanya jioni, nyuki wote wakiwa nyumbani, na kama ni kipindi cha joto kali weka kivuli na uache tundu la hewa kwenye mfuniko lililozibwa kwa wavu wa matundu ya milimita 3. Walio juu hawana pa kutokea mpaka karatasi ilike, na wanaweza kufa kwa joto. Hakikisha pia wana angalau fremu moja yenye asali.

Siku moja au mbili baadaye utaona vipande vya karatasi vikitupwa mlangoni. Hiyo ndiyo dalili nzuri. Usifungue kabla ya siku 7. Ukikuta asubuhi rundo la nyuki waliokufa mbele ya mlango, karatasi ilichanika.

---

Mlinzi_wa_Masega

Njia ya Nta_Nyeupe ni ya haraka na inafanya kazi, ila kuna gharama hajaitaja. Malkia aliyetoka na bumba la kwanza ni yule wa zamani. Umri wake aliyeuliza haujui, na kundi lenye malkia mzee ndilo lenye mwelekeo wa kutoa bumba tena. Mimi ningesubiri malkia mpya. Hakuna hasara: bumba linajenga masega kwa kasi sana wiki hizi za mwanzo, na huyo malkia mzee ni akiba halisi yule bikira akiliwa na ndege siku ya kwenda kupandwa.

Ukisubiri, mzinga mama usiufungue tangu bikira anapotoka mpaka wiki 3 zipite. Hukomaa kwa siku 5 au 6, huruka kupandwa mchana siku zenye jua, na huanza kutaga wiki 2 hadi 3 baada ya kutoka kwenye kijumba. Ukifungua mchana huo anaweza kurudi asiutambue mzinga, au nyuki wakataharuki na kumsonga. Ukiona hitaji la lazima, fungua asubuhi mapema.

Wiki 4 zikipita bila mayai, usikimbilie kuunganisha. Chukua kwenye bumba fremu moja yenye mayai na majana machanga, uipachike katikati ya mzinga mama, utazame baada ya siku 3 au 4. Wakijenga vijumba vya malkia, hawana malkia. Wasipojenga, yupo mahali, mpe muda.

Kuna hali mbili ambazo gazeti lisitumike kabisa. Ya kwanza, vibarua (nyuki wafanyakazi) wanaotaga: unaona mayai mawili matatu ndani ya chumba kimoja, mengine yamebandikwa ubavuni badala ya chini, na majana ya madume yenye mfuniko uliotuna yametapakaa kwenye vyumba vya vibarua. Kundi hilo litamuua malkia utakayelipelekea. Lipeleke mbali kidogo, kung'uta nyuki wote kwenye nyasi, ondoa sanduku lake mahali lilipokuwa. Wataomba hifadhi mizinga ya jirani na wengi watapokewa. Ya pili ni ugonjwa. Kabla ya kuunganisha kagua majana. Ukiona mifuniko imebonyea na kutoboka, chomeka njiti ya kiberiti uivute taratibu. Ukitoka uzi wa kahawia unaonata wa sentimita 2 au zaidi, ni ugonjwa wa kuoza majana. Usiunganishe, usihamishe fremu, na umwite afisa wa nyuki.

---

Mwanzo_wa_Sega

Asanteni sana wakuu, nimeelewa kwa nini bumba lisirudishwe leo. Nimeamua kusubiri malkia mpya. Yamebaki mambo mawili. Masanduku yako mita tatu, nitayakutanishaje? Na kuna mtu kaniambia niweke wavu wa kuzuia malkia chini ya sanduku la bumba lisihame, ni sahihi?

---

Patasi

Wavu chini ya sanduku hufaa siku tatu nne za kwanza kwa bumba lenye malkia mzee tu. Bumba la pili lina bikira, ukimfungia hapandwi, na baadaye atataga madume matupu. Hata kwa malkia mzee usiuache muda mrefu, madume hunasa kwenye wavu na kuziba njia. Lako limeshaanza kujenga, kwa hiyo achana nao. Kinacholifunga bumba vizuri zaidi ni fremu moja ya majana yaliyo wazi. Nyuki hawayaachi kirahisi, ingawa nyuki wa Afrika wakisumbuliwa sana wanaweza kuyaacha hata hayo. Fremu hiyo haitoki mzinga mama sasa, maana yaliyo wazi huko yamebaki machache nayo yanakaribia kufunikwa.

Umbali: sogeza sanduku la BUMBA, mzinga mama usiuguse. Bikira anajifunza mahali pa mzinga wake siku zile za kwanza, ukiusogeza utampoteza. Bumba lisogeze chini ya mita moja kila mara, na siku ihesabike tu kama nyuki wameruka. Siku ya mvua haihesabiki. Geuza mlango uelekee upande uleule wa mzinga mama. Ukiruka mita tatu kwa usiku mmoja, wachumaji watarudi pale pa zamani na kujikusanya juu ya ardhi tupu.

---

Nta_Nyeupe

Siku ya kuunganisha, malkia mzee aondolewe saa moja au mbili kabla, si siku kadhaa kabla. Ukichelewa kuunganisha, kundi lake litakuwa limeanza vijumba, na hapo itabidi ukague fremu zote tena. Na usimwondoe kabla hujaona kwa macho majana ya malkia mpya yamefunikwa kwa mifuniko bapa. Mayai peke yake hayatoshi. Mifuniko bapa ndiyo inayothibitisha kwamba amepandwa vizuri na anazaa vibarua.

Malkia mpya akiwa mzinga mama, basi mzinga mama ndio unaokaa chini na bumba linapanda juu. Ukikuta katika kukagua nyuki wamemzunguka malkia wamebana kama ngumi, usiwachambue kwa vidole. Tumbukiza donge lote kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, wataachana, kisha mweke kwenye kizimba chenye kizibo cha sukari ya unga iliyokandwa kwa asali. Nyuki wakiila wakamfikia baada ya siku mbili tatu, kwa kawaida wameshamzoea.

---

Mlinzi_wa_Masega

Baada ya zile siku 7, ondoa mabaki ya karatasi na upange upya. Fremu zenye majana zikae pamoja sanduku la chini, yaliyo mengi katikati, chavua na asali pembeni. Zisizotosha zibaki sanduku la juu moja kwa moja juu ya zile za chini ili joto lisipotee. Wavu wa malkia uweke kati ya masanduku mawili baada tu ya kumwona malkia yuko chini. Majana ya juu yatatoka yote ndani ya siku 21 (madume ni 24, na hao wa juu watahitaji kijitundu cha kutokea), na vyumba vikibaki vitupu nyuki watavijaza asali.